Bei ya Kabla ya Saa Nane

Jumamosi, 2 Septemba

Kosa linalofanywa na wengi mnadani ni kuuliza, "Yule wa juu kabisa kapata ngapi?" Jibu wanalibeba mpaka nyumbani, wanamvalisha ndama wao, na tangu hapo kila mnunuzi anayetoa pungufu wanamwona mwizi. Leo kwenye foleni ya chai pale mnada wa Drumcarra nilisikia habari ya ndama mmoja aliyepata yuro elfu moja na mia mbili. Habari ilizunguka foleni nzima na kurudi ilipoanzia. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza alikuwa na kilo ngapi.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane, na nusu ya wanaume wa foleni ile walipita mikononi mwangu. Nilirudi nyumbani nikijilaumu.

Jioni alikuja Dympna Gallogly, jirani yangu wa kuvuka kijito. Mumewe, Eugene, tulimzika mwezi Machi. Alikataa chai, jambo ambalo halijapata kutokea, akakaa na koti lake mwilini.

"Mwalimu, nifundishe kuuza ndama."

"Si umeishi na ng'ombe miaka thelathini?"

"Nimewazalisha, nimewalisha, nimewaamsha walipoanguka. Mnadani alikuwa anakwenda Eugene. Mimi nilikuwa nakaa kwenye gari na gazeti."

Akatoa barua mfukoni. Kampuni moja ya miti inataka kukodi shamba lake lote kwa miaka mingi na kulipanda misonobari. Jibu linatakiwa kabla ya tarehe thelathini Novemba. Ana ng'ombe kumi na wawili, na ndama madume saba wa kuuza. Mitamba anataka kubaki nao. Amepiga hesabu ya majani ya kuvundika kwa chakula cha majira ya baridi, daktari wa mifugo na kodi ya fahali. Madume saba wakileta yuro elfu sita na mia tatu, ng'ombe wanabaki. Wasipofika hapo, atatia saini.

Nilimwonea huruma. Nilimwona kama mtu aliyechanganywa na msiba, anayejishikiza kwenye mikia ya ng'ombe wa mumewe. Naandika hivyo ili nisije nikajisahaulisha baadaye.

Jumanne, 5 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 9 Septemba

Somo la kwanza. Tulikaa safu ya tatu, juu kidogo ya ulingo, mahali unapouona ubao wa taa bila kofia ya mtu kukuziba. Ndama anaingia akitokea kwenye mizani, kilo zake zinawaka ubaoni, kisha dalali, Fintan, anaanza kuimba bei. Bei anayoimba ni ya mnyama mzima. Kwa hiyo kazi ya kwanza, nilimwambia Dympna, ni kuigawa kwa kilo. Mia nane na sitini kwa kilo mia tatu na ishirini? Yuro mbili na senti sitini na tisa. Unaandika. Anayefuata. Usiandike neno "mzuri", usiandike "mweupe". Andika kilo, andika bei, gawa.

Muuzaji husimama kwenye kizimba kando ya dalali. Zabuni zikifika mahali fulani, Fintan humwinamia na kumuuliza, "Yuko sokoni?" Ukitikisa kichwa kukubali, ndama ni wa yule atakayetoa zaidi, na huwezi tena kurudi nyuma. Ukikataa, anatoka bila kuuzwa na unamrudisha na tela lako, huku ada ya mnada umeshalipa.

Dympna aliuliza swali ambalo wanafunzi wangu wengi hawakuwahi kuuliza. "Mbona yule mdogo kilo yake ni ghali kuliko ya yule mkubwa?"

Nilifurahi mno. Nikamweleza kwa kirefu, nadhani mpaka mtu wa mbele yetu akahama. Mnunuzi ananunua nafasi ya kunenepesha. Mdogo bado ana nafasi hiyo. Mkubwa ameshaitumia kwako. Chukua ndama wa kilo mia tatu na kumi kwa yuro mbili na senti tisini: mia nane tisini na tisa. Mlishe miezi miwili afike mia tatu na sabini, lakini sasa kilo ni mbili na senti hamsini na tano: mia tisa arobaini na tatu na nusu. Umemwongezea kilo sitini na umepata yuro arobaini na nne na nusu, yaani kila kilo mpya imekuletea senti sabini na nne. Toa pumba aliyokula, toa mgongo wako. Kimebaki nini?

"Kwa hiyo Eugene..." akasema.

Nilijua anachotaka kusema. Eugene alikuwa na desturi ya kumrudisha nyumbani dume lake bora kila mwaka. Alikuwa akisikia bei ya jirani, anakataa zabuni kwenye kizimba mbele ya watu wote, anarudi naye kifua mbele. Mwezi Januari alikuwa akimuuza kimyakimya akiwa na kilo mia nne na hamsini, kwa wanunuzi wawili waliosinzia.

Saa saba tukaondoka. Mimi hula chakula cha mchana saa saba na nusu, tangu nilipoanza kazi.

Jumamosi, 16 Septemba

Tena mnadani. Nimeandika ndama hamsini na wanne. Wastani wa madume wa kilo mia tatu: yuro mbili na senti sabini na moja.

Jumamosi, 23 Septemba

Wastani uleule, umepungua senti moja. Dympna sasa anagawa kichwani haraka kuliko mimi na kikokotoo. Mashamba yamejaa maji. Ukiingiza mguu, kiatu kinabaki.

Jumapili, 24 Septemba

Baada ya misa Packie, kaka mkubwa wa Eugene, alitukuta nje ya lango la kanisa. Yeye alipanda misonobari kwake miaka tisa iliyopita na tangu hapo hana kazi ila kushauri.

"Shemeji, mti haukohoi," alisema. "Mti hauharishi. Mti haukuiti alfajiri umvute mtoto wake kwa kamba."

"Wala haunisalimii asubuhi, Packie."

"Ng'ombe ndio wanaokusalimia?"

"Kuliko wewe."

Watu walicheka, na Packie naye akacheka, maana hana moyo mbaya. Lakini alipokuwa akiondoka aliniambia pembeni, "Mwalimu, usimpe matumaini na mahesabu yako. Yule ni mtu wa kukaa kwenye gari."

Nusu yangu ilikubaliana naye.

Alhamisi, 28 Septemba

Daktari wa mifugo amesoma vipimo vya kifua kikuu. Wote salama. Dympna alinipigia simu kuniambia hilo tu, akakata.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naandika polepole, kwa sababu kosa ni langu.

Tulikubaliana kuanza na madume wanne. Nilimwandikia karatasi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: yuro mbili na senti sabini kwa kilo, usishuke. Chini yake nilipiga mstari mara mbili. Alipiga simu mnadani siku ya Alhamisi kuomba namba za kuingia, wakampa kuanzia mia mbili na kumi na moja. Hilo halikunishtua hata kidogo. Namba ni namba, nilidhani. Ubao ni uleule.

Asubuhi aliwatoa ndama kwa mama zao, akawapakia kwenye tela, tukafika saa tatu. Wakaanza kulia. Walilia saa tatu hadi mchana, na mchana hadi alasiri. Nilikula mkate wangu ndani ya gari. Ilipofika saa tisa kasoro ndipo namba mia mbili na kumi na moja iliitwa.

Dympna alipanda kizimbani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Ndama akaingia analia, mkia umechafuka. Kilo mia tatu na tano. Kwa karatasi yangu, mia nane ishirini na tatu.

Fintan alianzia mia saba. Kimya. Akashuka mia sita. Mtu mmoja wa shamba la kunenepesha, kavaa kofia ya sufi, akainua kidole kama anayesumbuliwa na nzi. Mia sita na hamsini. Mia saba. Mia saba ishirini na tano. Ikaishia hapo. Nilitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba reli ya ulingo, ambayo asubuhi huwezi kupata pa kuweka kiwiko, ilikuwa na wanaume watano, na watatu kati yao walikuwa wanasubiri mvua ipungue.

"Yuko sokoni, mama?" Fintan aliuliza.

Dympna akaitazama karatasi yangu. Akatikisa kichwa kukataa.

Wa pili, vilevile. Wa tatu. Wa nne. Mara nne alikataa, mbele ya wote, na mara ya nne mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Eugene kafufuka." Wakacheka. Sikugeuka kutazama ni nani. Nilikuwa nimewafundisha wengi wao hesabu.

Tuliwapakia tena. Tulipofika kwenye daraja Dympna akaniuliza.

"Mwalimu, wastani wako uliutoa wapi?"

"Mnadani. Umeniona nikiandika."

"Nimekuona ukiandika. Nimekuona pia ukiondoka saa saba kwenda kula viazi."

Wiki tatu nzima nilikuwa nimeandika bei za asubuhi, nikaziita bei za siku.

Jumapili, 8 Oktoba

Misa. Packie alinipa mkono, akaenda zake, na hilo lilikuwa baya kuliko ushauri wake.

Jumamosi, 14 Oktoba

Dympna alikwenda mnadani peke yake. Nilijitolea kumpeleka, akasema asante, leo nimwache. Aliondoka na chupa ya chai na mkate wa nyama uliofungwa kwenye karatasi, akarudi kiza kimeanza kuingia.

Jumatatu, 16 Oktoba

Dhoruba. Paa la banda la Packie limeng'oka na kukaa juu ya misonobari yake. Umeme hakuna.

Jumamosi, 21 Oktoba

Leo nilimwomba anichukue. Nilikwenda kama mwanafunzi, na ninaandika niliyofundishwa.

Daftari lake halina hata bei moja. Nilishangaa. Lina majina, au pale asipojua jina, nguo: kofia ya sufi, koti la kijani, viatu vya manjano. Pembeni ya kila jina kuna saa aliyofika, saa aliyoondoka, na vijistari vya kuhesabia ndama alionunua.

"Ulinifundisha kumtazama ndama na ubao," alisema. "Lakini ndama hajinunui, Mwalimu. Tazama wanaonunua."

Basi tukatazama. Mtu wa kwanza wa kuangalia ni Malachy Tuohy, mwenye koti la kijani, anayenunua kwa ajili ya meli ya kwenda ng'ambo. Miaka yote nimemfahamu kama mtu wa hila. Husimama palepale kwenye kona ya reli, na zabuni yake ni kope la jicho la kushoto. Dympna alinionyesha: Malachy akiwepo, kila mtu anatoa zaidi, kwa sababu ana lori la kujaza na lori halisubiri. Lori lake linachukua ndama arobaini na wanne. Likijaa, au saa nane ikifika, anaondoka, maana barabara ya kwenda bandarini ni ndefu. Akishaondoka, kofia ya sufi anabaki peke yake na ananunua kwa raha zake.

Nilikaa mpaka mwisho. Kabla ya saa nane madume wa kilo mia tatu walikuwa wanapata mbili na senti sabini. Baada ya saa nane, ndama walewale, ningeapa ni ndugu zao, mbili na senti arobaini. Niligawa mara mbili nikidhani nimekosea. Tumbo lilinguruma, na Dympna akanimegea mkate wake bila kuondoa macho kwenye reli.

Mapema siku hiyohiyo alikuwa amefanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Saa sita Malachy alikwenda kwenye kantini kula kabichi na nyama ya nguruwe. Dympna akamfuata, akavuta kiti mbele yake, mimi nyuma yake nimeshika kofia.

"Malachy, ulikuwa bado upo nilipoingiza ndama wangu tarehe saba?"

"Nilikuwa nimeshaondoka na lori, mama. Asubuhi niliwasikia lakini. Wale wanne waliokuwa wanalia?"

"Haohao. Ungekuwapo ungewanunua?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Akaweka uma chini. "Sikiliza. Mimi sinunui ndama. Nanunua safari. Ndama aliyeachana na mama yake leo asubuhi, kesho ana homa, keshokutwa anakohoa, na siku ya tatu ninapigiwa simu na mtu anayenitukana kwa lugha nisiyoijua. Ndama anayelia mimi simtazami. Niletee aliyemsahau mama yake, anayejua ndoo ya pumba ni nini, aliyekauka mgongo. Huyo nitampa bei, na sitakuomba radhi wala wewe hutaniomba."

"Wiki ngapi?"

"Nne. Tatu kama una haraka, lakini nitajua."

"Na mbona hukuwahi kumwambia Eugene?"

Malachy alicheka mpaka akakohoa. "Mama, Eugene hakuwahi kuniuliza. Miaka thelathini mimi napita kwenye hii kantini na hakuna mtu anayeniuliza. Wananichukia kutoka mbali."

Alisema kweli. Mimi mmoja wao.

Jumapili, 22 Oktoba

Dympna amewatenganisha ndama na mama zao. Ng'ombe upande huu wa uzio, ndama upande ule, pua kwa pua. Bonde zima linalia.

Jumatatu, 23 Oktoba

Bado wanalia.

Jumanne, 24 Oktoba

Sauti zimekwaruza. Packie kapiga simu kuuliza kama kuna mtu anachinjwa.

Jumatano, 25 Oktoba

Kimya. Nilitoka nje kusikiliza nini kimekosekana.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimepita kwa Dympna. Ndama saba wamepanga mstari kwenye kihori wanakula pumba, migongo mikavu. Ameweka majani makavu ya kulalia bandani, na kila asubuhi anabadilisha. Nilimuuliza juu ya hesabu yangu ya tarehe tisa Septemba, kwamba kungoja hakulipi. Kilo mbili za pumba kwa siku, kila ndama, si mzigo mdogo.

"Hesabu yako ni sahihi," alisema, "kwa ndama yuleyule, mbele ya wanunuzi walewale. Mimi nabadilisha ndama na nabadilisha wanunuzi."

Ningekuwa bado nina ubao, ningeyaandika maneno hayo juu kabisa, nisiyafute mwaka mzima.

Jumatatu, 13 Novemba

Safari hii Dympna hakupiga simu kuomba namba. Saa mbili na nusu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya mnada kwenye mvua, kabla ya mwenye funguo. Amepata namba thelathini na moja hadi thelathini na saba.

"Yule dada wa ofisini ananiambia, 'Mama, mnada ni Jumamosi.' Nikamwambia najua, nimekuja mapema kwa sababu mara ya mwisho nilichelewa siku tatu."

Jumamosi, 18 Novemba

Tulifika saa mbili. Ndama wakashuka kwenye tela kama watoto wa komunyo ya kwanza, bila kelele. Mfanyakazi wa mizani alimuuliza Dympna kama ni wagonjwa.

Reli ilijaa. Malachy kwenye kona yake, koti la kijani. Kofia ya sufi kando yake. Dympna, kabla ya kupanda kizimbani, alisimama dakika kumi nyuma ya Malachy, anahesabu. Karatasi sikumwandikia. Hakuiomba.

Yule wa kilo mia tatu na tano, aliyekataliwa Oktoba kwa mia saba ishirini na tano, aliingia wa kwanza akiwa na kilo mia tatu thelathini na nane. Alizunguka ulingo mara moja, akasimama, akamtazama Fintan kama anayesubiri swali. Mia tisa na tano. Dympna akakubali bila kusita. Wa pili, mia tisa na ishirini. Wa tatu, mia tisa na arobaini. Wa nne na wa tano, mia nane na tisini kila mmoja; wa sita, aliyekuwa mdogo kuliko wote, mia nane arobaini na tano. Nilikuwa najumlisha kwenye pakiti ya sigara ya jirani: elfu tano mia tatu na tisini. Pungufu ya mia tisa na kumi. Amebaki mmoja, na bila huyo, misonobari.

Akaingia dume lile la rangi ya maziwa ya kwanza, mtoto wa ng'ombe aliyekuwa kipenzi cha Eugene. Kilo mia tatu sabini na mbili. Watu waliacha kuzungumza. Kila mtu ukumbini alijua huyu ni yule wa kurudishwa nyumbani. Kila mwaka ilikuwa hivyo kwa Eugene.

Fintan alipanda haraka mpaka mia nane na tisini, zabuni ya kofia ya sufi. Hapo bei ikakwama. Malachy alikuwa anatazama kucha zake.

"Yuko sokoni, mama?"

Dympna hakukubali wala hakukataa. Alimtazama Malachy tu. Mia nane na tisini haitoshi. Akikubali hapo, na mwingine asiongeze, zinakosekana ishirini. Akikataa, Malachy anaweza kumfuata uani na kupatana naye faraghani, kama wanavyofanya wengi, na uani huko hakuna mshindani wa kupandisha.

"Mama? Mia nane na tisini. Yuko sokoni?"

Aliendelea kusubiri. Baadaye aliniambia kwa nini. Alikuwa amehesabu. Kwenye mnada wa jana wa mji wa jirani Malachy alishapakia ndama ishirini na wawili; Dympna aliwasikia madereva wakisema kwenye foleni ya chai. Leo alishanunua ishirini na mmoja. Lori lake lilikuwa na nafasi moja, na ndama wa kufanana na huyu hayupo mwingine kwenye zizi. Alikuwa amepita zizi zima asubuhi kutazama.

Kope la kushoto likashuka. Mia tisa na ishirini. Kofia ya sufi akaongeza. Kope. Mia tisa na sabini. Elfu moja. Kofia ya sufi akatoa pumzi, akakunja mikono. Elfu moja na kumi, Malachy.

"Yuko sokoni?" Fintan kauliza mara ya tatu.

Ndipo Packie aliposimama kule nyuma. "Shemeji, usimwachie! Dume la Connolly asubuhi hii limepata elfu moja na mia moja! Mrudishe nyumbani!"

Sauti za kukubaliana zikapita kwenye ngazi. Ni penzi la watu kwa Eugene, na ni kiburi cha kijiji. Dume bora la Gallogly haliwezi kuzidiwa na la Connolly. Niliona mkono wa Dympna umeshika ukingo wa kizimba. Sikujua anawaza bei au anamwaza mumewe.

"Packie," alisema, na ukumbi wote ukasikia, "la Connolly lilikuwa na kilo mia nne ishirini na tano. Gawanya."

Nilikuwa nimeshagawanya. La Connolly, yuro mbili na senti hamsini na tisa. La Dympna, mbili na senti sabini na mbili karibu.

Akamgeukia Fintan, akakubali kwa kichwa. Rungu likagonga. Elfu sita na mia nne kamili, kwa ndama saba.

Uani Malachy alikuja kudai hela ya bahati, ile noti ambayo muuzaji humrudishia mnunuzi mkononi ili ndama wawe na heri. Dympna akampa yuro kumi.

"Kumi tu? Eugene alikuwa ananipa ishirini."

"Eugene alikuwa hakuuzii yule bora."

Malachy akavua kofia yake. Nimemwona mtu huyo miaka thelathini na sijawahi kuona kichwa chake. "Mwakani nipigie simu kabla hujaomba namba," akasema, akapanda lori. Ilikuwa bado saa tano.

Packie alitusaidia kuosha tela. Alikuwa anagawanya kwa vidole, midomo inachezacheza. "Mbili na hamsini na tisa," alisema mwishowe. "Laana. Shemeji alikuwa sahihi."

Jumatatu, 20 Novemba

Barua ya kampuni ya miti imejibiwa. Nilipewa jibu lenyewe nilisome kwa ajili ya makosa. Lina mistari miwili na halina kosa.

Jumamosi, 25 Novemba

Mvua imekatika. Kutoka dirishani nawaona ng'ombe kumi na wawili wa Dympna wanasubiri mlangoni mwa banda, na yeye anapita katikati yao na ndoo, anawasukuma kwa nyonga. Nilimdhania mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa ndiye pekee ukumbini aliyekuwa tayari kukaa mpaka mwisho.

Saa mbili asubuhi hii kanipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani wa bonde la pili. Ana madume matano ya kuuza kabla ya Krismasi, anaomba wastani wangu wa bei, ule wenye mstari mara mbili. Nilimwambia nimeutia motoni.

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

Nikamwambia: leo ndama waache nyumbani. Funga mkate wako, nenda mnadani, na usiondoke mpaka ndama wa mwisho atoke ulingoni.